Mwanao Anaposoma Habari za Wapanda Majoka

Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi karibu na kituo cha mpaka mjini Busia, nikisubiri gari la kwenda Tororo. Kando yangu aliketi mama mmoja mwenye furushi la vitenge, pamoja na mwanawe wa kiume mwenye umri upatao miaka 14. Kelele za wabadilisha fedha na wapanda bodaboda zilikuwa nyingi, lakini kijana yule hakuzisikia. Alikuwa ameinamia kitabu kinene chenye picha ya kichwa cha joka la buluu kwenye jalada.

Tulikuwa tumekwisha kusalimiana na kujuana kidogo, basi mama akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Niambie kweli, hiki si kitabu cha mashetani? Baba yake amesema kitiwe motoni jioni ya leo."

Kabla sijajibu, kijana aliinua uso. "Si mashetani, mama. Ni habari za kijana aliyeuliwa mjomba wake."

Ilinibidi niseme kweli kwamba sikuwa na jibu, kwa kuwa kitabu chenyewe nilikuwa sijakisoma. Tangu siku ile nimevisoma vyote vinne vya mfululizo huo. Leo napenda kumjibu mama yule, pamoja na wazazi wengine wa pande zote mbili za mpaka ambao huona watoto wao wakikesha na vitabu vya namna hii na wasijue la kufanya.

Kitabu Chenyewe

Kitabu alichokuwa akisoma kijana yule huitwa Eragon, nacho ni cha kwanza katika mfululizo. Kilichapishwa na kampuni kubwa ya Marekani mwaka 2003, kikafuatwa na Eldest mwaka 2005, Brisingr mwaka 2008, na Inheritance mwaka 2011. Mtungaji wake ni Christopher Paolini, aliyezaliwa mwaka 1983.

Habari yenyewe ni hii. Eragon, kijana wa miaka 15, analelewa na mjomba wake mkulima katika kijiji kidogo kilicho bondeni. Akiwa mawindoni mlimani anaokota kitu kinachofanana na jiwe la buluu. Kumbe ni yai. Linaanguliwa joka jike, ambaye anampa jina la Saphira, na tangu hapo nia za wawili hao zinaungana hata kila mmoja anajua mawazo ya mwenzake. Watumishi wa mfalme mwovu wanakuja kulitafuta yai. Wanaichoma nyumba na kumjeruhi mjomba, naye anakufa. Kijana anaondoka kijijini pamoja na mzee mmoja mtambaji wa hadithi, nia yake ikiwa kulipiza kisasi. Kidogo kidogo kisasi cha mtu mmoja kinageuka kuwa vita vya nchi nzima.

Mfalme yule, Galbatorix, naye alikuwa mpanda joka zamani. Joka lake liliuawa, akashikwa na wazimu wa huzuni, akaiba kinda la joka jingine, kisha akawaangamiza wenzake wote na kutwaa nchi. Kwa hiyo mwovu wa hadithi hii ni mtu aliyepatwa na msiba akashindwa kuubeba. Jambo hilo latosha kumfanya mzazi asikitupe kitabu kabla ya kukifungua.

Mama Aliyekuwa Mwalimu

Wazazi watavutiwa kujua jinsi vitabu hivi vilivyoanza. Paolini hakwenda shuleni kama watoto wengine. Alisomea nyumbani, katika bonde moja la jimbo la Montana, akifundishwa na mama yake ambaye alikuwa amepata mafunzo ya ualimu. Alimaliza masomo ya sekondari akiwa na miaka 15, na katika umri huo akaanza kuandika habari za kijana mwenye umri kama wake. Wazazi hawakumwambia kuwa anapoteza wakati. Walimsaidia kuusahihisha mswada, na mwaka 2002 wakauchapa wenyewe. Kijana akazunguka shule na maktaba akivaa mavazi ya kale, akikitangaza kitabu chake kwa mdomo. Ndipo mwandishi mmoja maarufu, Carl Hiaasen, alipoona jinsi mtoto wa mkewe alivyokipenda, akaipelekea habari kampuni iliyokuwa ikichapa vitabu vyake.

Wapanda majoka hawakuanza na Paolini. Mwaka 1968 Anne McCaffrey, Mmarekani aliyehamia Ireland baadaye, alikuwa ametoa kitabu chake cha kwanza cha watu warukao juu ya majoka ili kuikinga nchi yao na balaa lianguKalo kutoka angani. Tofauti ni kwamba Paolini aliandika akiwa kijana, na ndiyo sababu vijana humsikiliza kama mwenzao.

Mafunzo Yaliyofichika

Mtu akisoma kwa makini ataona kwamba vitabu hivi vina mafunzo ambayo hata mzee wa kijiji angeyakubali.

La kwanza, nguvu ina gharama. Katika nchi ya Eragon kuna maneno ya lugha ya kale ambayo yakitamkwa na mwenye uwezo huweza kuinua jiwe au kuwasha moto. Lakini anayeliinua jiwe kwa neno hutokwa na nguvu zilezile ambazo angetumia kuliinua kwa mikono yake. Akijaribu jambo lipitalo uwezo wake, hufa. Hapana cha bure. Hata kumpanda joka kuna maumivu: mara ya kwanza Eragon anaporuka bila tandiko, magamba ya Saphira yanamchubua ngozi ya mapaja hata hawezi kutembea sawasawa. Kijana yeyote wa Busia aliyewahi kupanda baiskeli siku nzima akiwa amebeba gunia la mahindi ataelewa.

La pili ni uzito wa neno. Katika kitabu cha kwanza Eragon anaombwa ambariki mtoto mchanga. Anatamka baraka kwa lugha ya kale aliyojifunza nusunusu. Alikusudia kusema "ukingwe na mabaya", kumbe kwa kukosea kiungo kidogo cha neno amesema "uwe kinga ya mabaya". Mtoto yule, Elva, anakua upesi isivyo kawaida, huku akihisi maumivu ya kila aliye karibu naye na kusukumwa kuyachukua yeye. Eragon anagundua kosa lake baadaye, wakati maji yamekwisha kumwagika. Sisi tuliowahi kushika chaki twajua ni mara ngapi mwanafunzi huuliza, "Herufi moja tu, mwalimu, ina dhara gani?" Sasa tunalo jibu ambalo hatalisahau.

La tatu litamfurahisha kila mwalimu. Shujaa huyu hakujua kusoma. Wanapofika katika mji wa bandari na kuhitaji kupekua madaftari ya mizigo ili wawapate wauaji wa mjomba, ndipo aibu yake inapofichuka. Mzee anayemwongoza anaacha mengine yote akamfundisha kusoma. Upanga alikuwa nao na joka alikuwa nalo, lakini hakuweza kuendelea mpaka alipojua herufi.

Wala wasichana hawakusahauliwa. Kiongozi wa waasi baada ya baba yake kufa ni Nasuada, binti mweusi wa ngozi. Chifu mmoja anapotaka kumnyang'anya madaraka, wanashindana kwa desturi ya kabila lao: kila mmoja hujikata mkono wake mwenyewe, na atakayeacha kwanza ameshindwa. Nasuada anashinda, na mwisho wa vita ndiye anayekuwa malkia. Yafaa mzazi amweleze binti yake kwamba kisu kile si cha kuigwa. Cha kuigwa ni moyo wa kutokubali kuondolewa mahali pake kwa vitisho.

Lakini Vita Si Mchezo

Nimesifu, sasa sharti niseme lililonitia wasiwasi. Eragon ana miaka 15, naye yu vitani. Huko Marekani labda msomaji aweza kulipita jambo hilo kama jambo la hadithi tu. Hapa kwetu hatuwezi.

Wazee wa Tororo hawajasahau mwezi wa Machi 1979, wapinzani wa Idi Amin walipoushambulia mji huo wakitokea upande wa Kenya, na majeshi ya Amin yakaja kuurudisha mikononi mwao. Wazee wa Busia wanakumbuka Desemba 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walipopigana risasi mpakani, biashara ikasimama, mpaka Marais Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walipokutana Malaba kusuluhisha jambo hilo. Na kaskazini ya Uganda, kwa karibu miaka 20 tangu 1987, jeshi la Joseph Kony liliteka maelfu ya watoto na kuwatia bunduki mikononi. Wengi wao hawakufikia umri wa Eragon. Hakuna aliyewapa joka la kuongea nalo usiku.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, wasema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba asishiriki vitani. Mzazi anayemwona mwanawe akishangilia ushindi wa kijana wa miaka 15 hana budi kumwambia jambo hilo kwa upole.

Hata hivyo, kwa haki, mtungaji mwenyewe haifichi gharama. Eragon anapata jeraha la mgongo linalomwangusha chini kwa maumivu siku nyingi baada ya vita. Katika kitabu cha tatu anamkimbiza askari wa adui ambaye amekwisha kutupa silaha na anamsihi amwachie uhai wake. Eragon anamwua, asije akatoa habari, na kitendo kile kinamkaa rohoni. Na mwisho wa yote, msomaji aniwie radhi nikiufichua, mfalme hashindwi kwa upanga. Eragon anapoishiwa na mbinu zote, anatamani kitu kimoja tu: mfalme ayaelewe aliyoyatenda. Uchawi unamfanya Galbatorix ahisi uchungu wote aliowatia watu kwa muda wote wa utawala wake. Hawezi kuustahimili, anajiangamiza mwenyewe.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatafakari. Kosa lilelile lililomlemea mtoto Elva, yaani kuhisi maumivu ya wengine, ndilo linalomwangusha mfalme. Mtoto mchanga aliyabeba ya wenzake akaishi; mfalme hakuweza kuyabeba hata yale aliyoyafanya mwenyewe.

Joka la Kwetu

Sasa nataka kuwauliza wazazi swali. Kijana yule wa Busia anajua jina la joka la Montana. Je, anajua jina la joka la kwao?

Masimulizi ya Wabukusu husema kwamba hapo kale, kabla ya kutawanyika kuelekea Mlima Elgon na Bungoma, baadhi yao walikaa Ebwayi, mahali paitwapo leo Amukura, ndani ya Kaunti ya Busia. Katika enzi hizo za kuhamahama lilikuwako joka kubwa lililokaa pangoni, likila watu na mifugo. Wabukusu huliita Yabebe. Mtu mmoja aitwaye Mango, ambaye wengine husema alikuwa amepoteza wanawe kwa joka hilo, aliamua kulikabili. Jirani zao Barwa, watu wa jamii ya Wasabaoti, walimdhihaki: mtu asiyetahiriwa atawezaje kuua kitu kilichowashinda wanaume?

Mango alinoa upanga wake. Joka lilipokwenda mawindoni, yeye aliingia pangoni akajificha. Usiku lilirudi, likajiviringa taratibu, na lilipoweka kichwa chini alikikata kwa pigo moja. Husimuliwa kwamba kichwa kile kiliruka kikauma mti, na majani ya mti ule yakanyauka. Watu walipofurahi, Mango aliwaomba Barwa wale wale waliomcheka wamtahiri. Ndivyo Wabukusu wanavyoeleza jinsi jando lilivyorejea kwao, na hata leo, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, vijana wanaporudi kutoka mtoni wakiwa wamepakwa matope huimbiwa Sioyaye, na jina la Mango linakumbukwa.

Tazama jinsi hadithi hizi mbili zinavyofanana na zinavyotofautiana. Kijana wa Montana anampanda joka, wa kwetu analiua. Lakini Mango hakusimama kwenye ushindi wake. Baada ya kuua alijitoa akatwe yeye, bila kulia, na kisu kikashikwa na jirani wa lugha nyingine aliyekuwa akimdharau. Eragon naye mwishoni anawaingiza katika chama cha wapanda majoka wale Urgali wenye pembe, ambao tangu utoto alifundishwa kuwaona kama wanyama wa kuuawa. Hadithi zote mbili zinaishia kwa mtu kukaa pamoja na aliyekuwa adui.

Wala si kila jamii ya kwetu huua joka. Wajaluo, ambao ni ndugu wa Wapadhola wa Tororo, wanamjua chatu Omieri wa Nyakach, anayehesabiwa kuwa ishara ya mvua na neema. Mwaka 2003, mwaka uleule kitabu cha Eragon kilipotoka Marekani, chatu jike alionekana Nyakach akilalia mayai yake. Wengine walitaka atunzwe, wengine wakawahofia watoto na mbuzi wao, na mabishano yakafika magazetini. Yai la joka lilikuwa limeonekana kwetu pia, na swali lilikuwa lilelile: tuliue, tuliogope, au tujifunze kuishi nalo?

Kwa watu wa mpakani swali hilo lina maana. Mpaka uliposogezwa mwaka 1902, na sehemu ya mashariki ya Uganda ikatiwa upande wa pili, Wasamia na Wateso walijikuta wakiwa raia wa nchi mbili. Tangu mwaka 2018 ofisi za pamoja za mpaka wa Busia humwezesha msafiri kukaguliwa mara moja badala ya mbili. Lakini ofisi haiwezi kuondoa dharau iliyomo moyoni mwa mtu. Kazi hiyo hufanywa nyumbani, na hadithi ni chombo chake kimojawapo.

Ushauri kwa Wazazi

Kwanza, usikichome kitabu. Kitabu kilichochomwa huazimwa tena kwa siri, na safari hii mtoto atakisoma peke yake. Soma nawe, hata kama ni kurasa kumi kila jioni. Kama Kiingereza ni kigumu kwako, mwambie mtoto akusimulie kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Atajifunza kutafsiri, nawe utajua kilichomo kichwani mwake.

Pili, muulize maswali. Nani alilipa gharama ya ushindi huu? Yule aliyeitwa adui alikuwa na mama? Wewe ungefanyaje na askari yule aliyeomba uhai? Usimpe jibu haraka. Mwache alale nalo.

Tatu, mtoto akisema kwamba anaogopa mashetani, au akianza kuchanganya uchawi wa kitabuni na mambo ya kweli, mweleze wazi kwamba joka hili limetungwa na kijana mwenzake aliyeketi mezani na kalamu. Hata watoto waliolelewa katika dini hulijua joka la Kitabu cha Ufunuo, na hakuna aliyewakataza kulisoma.

Nne, mpe na la kwetu. Mpeleke kwa babu au bibi angali hai, umwombe asimulie habari za Mango, za Omieri, au za mwamba wa Tororo. Mtoto azitie kwenye daftari, aandike tarehe na jina la msimulizi. Paolini alianza kwa kalamu na mama aliyekuwa na subira. Vitu hivyo viwili havikosekani Busia wala Tororo.

Mara ya mwisho nilipopita Busia nilimwona tena mama yule wa vitenge. Alinitambua mimi kwanza. Nikamwuliza kama kitabu kilichomwa. Akasema hapana, baba yake alikichukua ili akichome, akakaa nacho jikoni karibu na moto, akaanza kuzitazama kurasa za kwanza apate kujua anachoma nini. Moto ulizimika kabla hajaamua. Sasa kila jioni mtoto huulizwa, kabla ya kula, yule kijana amefika wapi.